Anayengojwa ni Mtu wa Kumi

Kila aliyepita chuoni katika pwani yetu hii anajua kwamba Ijumaa, kwa madhehebu ya Imamu Shafii, inataka watu 40. Wakiwa 39 haisihi, hata kama mmoja wa hao 39 ni tajiri aliyeutandika msikiti mzima mazulia kwa fedha zake. Tajiri ni mmoja, na mchukuzi wa mkokoteni ni mmoja. Mashekhe wetu walitusomesha masala haya pamoja na masharti yake yote, nani ahesabiwe na nani asihesabiwe, mkaazi na msafiri, nasi tukayahifadhi kama tulivyohifadhi idadi ya rakaa. Leo nataka kuizungumza hesabu hiyo kwa njia ya mbali kidogo, kwa kupitia kwa watu wengine wenye hesabu inayofanana na yetu. Watu hao ni Mayahudi wa Marekani, hasa wale ambao tangu mwaka 1968 wamekataa kuwa watazamaji katika ibada yao wenyewe.

Najua hapo tayari yuko msomaji aliyekunja uso. Mayahudi! Na wakati gani huu! Ndugu yangu, damu iliyomwagika Gaza tangu Oktoba 2023 imeniuma kama ilivyokuuma wewe, na sitaki mtu adhani nasema vingine. Lakini makala haya si ya dola wala ya majeshi. Ni ya watu wanaopanga viti, wanaopika, wanaoosha maiti. Tena katika vikundi hivyo hivyo nitakavyovieleza wamo walioshika mabango barabarani kuvipinga vita hivyo, wamo walioviunga mkono, na wamo ambao tangu hapo hawasemezani. Kurani yenyewe, katika Sura ya Al-Imran, inatufahamisha kwamba Watu wa Kitabu si wa namna moja wote. Na tumesoma katika hadithi sahihi kwamba ilipita jeneza ya Myahudi, na Mtume (S.A.W.) akasimama. Ikiwa yeye alisimama, mimi ni nani nikae?

Basi hao Mayahudi hesabu yao ni kumi, nayo huiita minyani. Mtu anaweza kusali peke yake sala zake tatu za kila siku, na sala ikawa sala; lakini kuna mambo ambayo hayafanyiki ila kumi wametimia. Taurati haisomwi hadharani kutoka katika gombo lake. Wala haisemwi Kadishi. Kadishi ni dua anayoisema aliyefiwa, na ajabu yake ni kwamba ndani yake hamna hata neno moja la kifo; yote ni kumtukuza Mwenyezi Mungu. Mfiwa haisemi mbele ya kuta nne. Ni lazima wawepo watu wa kumwitikia amina. Na kwa kuwa desturi yao ni kwamba aliyefiwa na mzazi huisema kwa muda wa miezi 11, miezi yote hiyo anawahitaji wenziwe tisa, kila siku, wamtokee kwa miili yao.

Hesabu ya kumi wanazuoni wao wameichukua katika kisa cha wapelelezi 12 waliotumwa na Nabii Musa (A.S.) kwenda kuiangalia nchi. Wawili walirudi na maneno ya imani; kumi wakarudi na maneno ya woga, wakawavunja watu nyoyo. Taurati ikawataja hao kumi kwa neno la jamaa, yaani mkusanyiko, na hapo wanazuoni wakashika: mkusanyiko ni kumi. Zingatieni vyema. Hao kumi walikuwa wabaya! Dalili ya mkusanyiko wa ibada haikutolewa kwa mawalii, ilitolewa kwa watu waliokosa. Kwa ninavyofahamu mimi, maana yake ni kwamba mtu hahesabiwi hapo kwa ucha Mungu wake, bali huhesabiwa kwa kuwapo kwake. Na kwa kuwa ushairi ni maradhi yasiyo dawa, nimelifunga jambo hili katika ubeti mmoja:

Tisa wakaapo tisa, hungoja wao wa kumi,
Hata utume mapesa, amina hayaisemi,
Mja aliyejitosa, kwa mwili si kwa ulimi,
Ndiye angojwaye hasa, hata awe hasimami.

Sasa tuingie katika habari yenyewe. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, Mayahudi wengi wa Marekani waliihama mitaa ya kubanana ya mijini, wakaenda kukaa vitongoji vya nyumba zenye bustani, na huko wakajenga masinagogi makubwa. Yalikuwa majengo ya fahari kwelikweli. Viti vilipangwa safu kwa safu vikielekea jukwaa, kama katika sinema. Juu ya jukwaa alikuwapo rabi wa mshahara na mwimbaji wa mshahara, na chini walikaa wenye kulipa ada ya mwaka. Zilipowadia sikukuu zao kubwa, masinagogi mengi yaliuza tikiti za viti. Rabi akisema simameni, husimama. Akisema kaeni, hukaa. Akitaja ukurasa, huufunua. Watoto waliolelewa humo wengi wao walikua wakiona dini ni kitu kinachofanywa na mtu mwingine mbele ya macho yako.

Watoto hao ndio waliofika vyuo vikuu katika miaka ya 1960, wakati wa maandamano ya haki za watu weusi na ya kuvipinga vita vya Vietnam. Mwaka 1968, karibu na Boston, Arthur Green na wenziwe wakaanzisha kikundi walichokiita Havurat Shalom. Havura ni neno la Kiebrania lenye asili ya rafiki au sahibu. Ama shalom hatuhitaji mkalimani. Wakakaa chini juu ya mito, kwa duara, watu wakitazamana nyuso. (Msicheke. Kwetu kukaa chini juu ya mkeka ni jambo la jana na juzi. Kwao ilikuwa mapinduzi.) Mwaka 1969 kikazaliwa kikundi kingine New York, na mwaka 1971 kingine Washington kwa jina la Fabrangen. Mwaka 1973 Richard Siegel pamoja na Michael na Sharon Strassfeld wakatoa kitabu kiitwacho The Jewish Catalog, chenye kumfundisha mtu kuyafanya mambo ya dini yake kwa mikono yake: kusuka mkate wa Sabato, kutengeneza mishumaa, kufunga nyuzi za shali ya kusalia. Kitabu hicho kilienea sana, na fikira iliyokizunguka ilikuwa moja, kwamba dini si kazi ya kumwachia mwenye mshahara.

Wako walioona kuwa ni upuuzi wa ujana, utapita. Haukupita. California, rabi mmoja mwenye sinagogi kubwa, Harold Schulweis, aliichukua fikira hiyo mapema katika miaka ya 1970 akaupasua umati wake katika vikundi vya familia chache chache, wawe wakijuana, wakitembeleana na kusoma pamoja, bila ya kulivunja sinagogi. Na kizazi kilichofuata kikaja na chake: mwaka 2001 ilianzishwa Manhattan jamaa ya Kehilat Hadar, ikaanza pasipo rabi wa kuajiriwa wala jengo, na mmoja wa waanzilishi wake, Elie Kaunfer, akaandika kitabu mwaka 2010 kuhusu vikundi vya namna hiyo vilivyozuka katika miji mbalimbali.

Mtu atauliza: pasipo mwenye mshahara, mambo huendaje? Kwanza ifahamike kwamba sheria yao, kama yetu, haikuifanya sala kuwa mali ya kuhani. Anayesalisha huitwa mjumbe wa jamaa, na mtu mzima yeyote mwenye kujua anaweza kutumwa. Rabi ni mwanachuoni, kazi yake kutoa hukumu na kusomesha. Sala yenyewe haimngojei. Basi kikundi huwa na daftari la zamu, na anayelishika humwita gabai. Wiki hii fulani atasalisha, fulani atasoma, fulani atatoa mawaidha, fulani ataleta mkate, fulani atasimama mlangoni, fulani atapeleka chakula kwa aliyejifungua. Wiki ijayo majina hubadilika. Aliyesalisha leo utamkuta Jumamosi ya pili anakunja meza. Mgeni naye hapewi nafasi ya kuzoea uvivu; sisi tuna msemo wa siku mbili na jembe siku ya tatu, na wao, naona, siku ya tatu wanaiona mbali.

Kazi iliyo nzito katika zote ni kusoma Taurati, na hapa sisi tuliochapwa bakora za chuoni tutafahamu kuliko wengi. Gombo limeandikwa kwa mkono juu ya ngozi. Halina irabu, halina vituo, wala alama za lahani. Na lahani ni sharti. Msomaji huyahifadhi hayo yote nyumbani kwa kitabu cha kawaida, kisha husimama mbele ya gombo akasoma kama kwamba yamo. Taurati imegawanywa mafungu 54 na hukhitimishwa kwa mwaka. Kila Jumamosi asubuhi huitwa watu saba, mmoja baada ya mmoja, kuja kusimama penye gombo. Ubavuni mwa msomaji huwapo wenye kufuatilia, na akikosea kosa linalogeuza maana hurudishwa papo hapo, hata awe profesa. Yeyote aliyepigwa kofi kwa kuisoma kasra fat-ha ataona yuko kwao.

Katika masinagogi makubwa kazi hiyo mara nyingi ilikuwa ya mtu mmoja aliyeajiriwa, naye akiifanya vizuri, sina shaka. Vikundi hivi viliigawa. Mhasibu akachukua aya kumi, muuguzi akachukua saba, mwanafunzi nne. Aliyejua akamfundisha asiyejua, jioni, jikoni kwake. Matokeo yake ni kwamba kisomo huwa na makosa zaidi. Hilo lazima tuliseme, msomaji wa kulipwa hakosei sana. Lakini yule mhasibu aliyezunguka na aya zake kumi kwa wiki tatu, garini, bafuni, kazini, zimemwingia mwilini, na kila mwaka fungu hilo likirudi atakaa mkao mwingine kulisikiliza. Sisi wenyewe tunajua tofauti ya sura uliyoihifadhi na sura unayoisikia kwa kipaza sauti cha jirani.

Miaka kadhaa iliyopita alifika hapa Mombasa mwalimu mmoja kutoka Massachusetts, amekuja kujifunza Kiswahili, akawa akija barazani kwetu baada ya alasiri kunywa kahawa. Ilipojulikana kwamba ni Myahudi na ni mtu wa kikundi cha namna hii, mzee mmoja akamwuliza: "Mwanangu, wewe huko kwenu una cheo gani katika dini?" Akajibu kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: "Mimi, mzee wangu, ni wa viti." Tukacheka sote. Ndipo akaeleza kwamba kikundi chao hakina jengo, hukodi ukumbi wa shule, na kila Ijumaa kabla jua halijatua yeye na mwenziwe hupanga viti 80, maana Sabato ikishaingia hawapendi kubeba na kuhangaika. Amefanya hivyo miaka minne. Mzee akamwuliza: "Na usipokwenda?" Akafikiri, akasema: "Watakaa chini. Halafu Jumamosi usiku, Sabato ikitoka, watanipigia simu kuniuliza kama naumwa."

Mzee wetu alinyamaza, akaagiza kahawa nyingine. Mimi nilikwenda nyumbani na swali: katika misikiti yetu ya mjini yenye safu ishirini, mtu akikosekana Ijumaa tatu, nani atapiga simu?

Niseme sasa juu ya maiti, kwa kuwa hapo ndipo hasa panaponigusa. Mayahudi wana jamii za maziko ziitwazo hevra kadisha. Wanaume huosha wanaume, wanawake huosha wanawake. Maiti humwagiwa maji kwa utaratibu na dua maalumu, kisha huvishwa sanda nyeupe, isiyo na mfuko, moja kwa tajiri na fukara. Hasemwi vibaya, wala hapitishiwi kitu juu yake. Waoshaji hawalipwi, na wao huuona wema huu kuwa wa kweli kuliko wema wote, kwa kuwa maiti hawezi kuulipa. Marekani ya karne iliyopita biashara za maziko zilikuwa zimeichukua sehemu kubwa ya kazi hii. Lakini kuanzia miaka ya 1970 watu wa kawaida, wengi wao wa vikundi hivi, walianza kujifunza upya kwa wazee waliobaki. Baada ya maziko mfiwa hukaa nyumbani siku saba. Hapiki, majirani humletea. Na kumi humfuata nyumbani kwake, wakasali sebuleni pake, ili apate kuisema Kadishi yake pasipo kutoka. Msomaji wa Kiislamu haoni hapo mambo mageni. Ataona fardhi kifaya, ataona matanga, ataona sinia la jirani.

Asubuhi ya Jumamosi tarehe 27 Oktoba 2018, mjini Pittsburgh, mtu mwenye bunduki aliingia katika jengo la Tree of Life ambalo makundi matatu ya Mayahudi yalikuwa yakisalia, akaua watu 11. Mojawapo ya makundi hayo, Dor Hadash, ni la namna ninayoizungumza, lililozoea kuendeshwa na wanachama wenyewe. Ibada ndiyo kwanza zianze. Waliokuwamo ni wale wafikao mapema, na wengi walikuwa wazee. Mkubwa wao alikuwa na umri wa miaka 97. Walikuwamo ndugu wawili wa tumbo moja, wenye ulemavu wa akili, waliojulikana na wote kwa kuwakaribisha watu mlangoni. Ukimwuliza mtu wa kawaida ni nani nguzo za sinagogi, angalikutajia wachangaji wakubwa. Risasi ziliwakuta watu wa mlangoni na watu wa kukamilisha kumi. Kwa kuwa kwao maiti haachwi peke yake, waliojitolea walikaa zamu karibu na maiti hao mpaka walipotolewa kwenda kuzikwa.

Waislamu wa Marekani, na miongoni mwao wa Pittsburgh yenyewe, waliwachangia wafiwa hao zaidi ya dola 200,000. Miezi michache baadaye, tarehe 15 Machi 2019, waliuawa Waislamu 51 katika misikiti miwili ya Christchurch, New Zealand, siku ya Ijumaa. Na Mayahudi wa Pittsburgh wakafungua mchango kwa ajili ya wafiwa wetu. Haya yaliandikwa magazetini wakati ule, lakini barazani kwetu sikuyasikia yakizungumzwa sana.

Wala si lazima twende mbali hivyo. Jirani zetu wa Mbale, Uganda, wako Abayudaya, wafuasi wa ile njia aliyoianzisha Semei Kakungulu mwaka 1919 baada ya kuisoma Biblia na kuishika Taurati. Kwa miongo mingi hawakuwa na rabi. Idi Amin aliipiga marufuku dini yao katika miaka ya 1970, idadi yao ikapungua, wachache wakaendelea kusali kwa siri. Walisalishana na kufundishana wao kwa wao mpaka mwaka 2008, mwenzao Gershom Sizomu alipohitimu urabi huko Los Angeles. Wengi wa hao walikuwa wakulima.

Nisije nikasomeka kama mtu aliyekwenda kwa jirani akarudi akiutukana upishi wa mkewe. Vikundi hivi vina kasoro, na kasoro zake nyingine ni kubwa. Kwanza, vina maneno. Riv-Ellen Prell, mwanachuoni wa elimu ya mila za watu, alikaa na kikundi kimoja cha Los Angeles katika miaka ya 1970 akatoa kitabu juu yao mwaka 1989, na humo utaona jinsi watu wanavyoweza kubishana juu ya maneno ya sala yenyewe, ikiwa watajwe akina Ibrahim peke yao au na akina Sara pia. Pasipo mwenye kukata shauri, shauri halikatiki. Pili, daftari la zamu lina uwongo wake: majina ni hamsini lakini wanaofanya ni wanane, na hao wanane siku moja huchoka wote pamoja. Tatu, wengi ni vijana wa vyuo na kazi za kuhamahama. Akipata kazi mji mwingine, anaondoka na aya zake kumi.

Ya nne ndiyo inayonishughulisha zaidi. Havura ni marafiki, na marafiki huchaguana. Wasomi huketi na wasomi, wenye watoto na wenye watoto. Msikiti wa mtaa hauna hiari hiyo. Pale unapanga bega na mtu mnayedaiana, na mlevi wa jana aliyetubu asubuhi, na hasimu wako wa kesi ya shamba. Hapo naona sisi tumeshika kitu ambacho wao, katika kuyakimbia majengo makubwa, wengine wamekidondosha.

Ama kuhusu wanawake, vikundi vingi vya namna hii huwahesabu katika kumi na huwapa kusalisha, na hata madhehebu yao ya Conservative yaliruhusu kuwahesabu mwaka 1973, ingawa Mayahudi wenye kushika ya kale hawakubali mpaka leo. Hilo ni lao, na fiqhi yetu ina mlango wake. Lakini asitumie mtu mlango huo kujificha. Katika mitaa yetu waoshaji wa maiti za kike, wapishi wa maulidi, walimu wa watoto wadogo, wengi ni wanawake, na hakuna daftari lililowaandika.

Kwetu sisi utaratibu wa zamu si mgeni. Nilipokuwa chuoni, Alhamisi tulikuwa tukiteka maji kujaza birika la msikiti, wawili wawili, na mwalimu akijua ni zamu ya nani bila ya kuandika. Kaburi lilichimbwa na vijana wa mtaa. Aliyekuja na sururu yake hakuulizwa ametumwa na nani. Jeneza likitoka, watu walipokezana mabegani hata ukawa huoni aliyelianza. Hayo hayajafa yote, na aseme mtu alhamdulillahi. Lakini yanapungua, na yanapungua kwa njia ya heshima, kwa jina la maendeleo. Tumeweka mfagiaji wa mshahara, mwadhini wa mshahara, mchimbaji wa mshahara. Kumlipa mtu si kosa. Mtu ana watoto. Kosa ni pale malipo yanapotuondolea ujuzi.

Uko msikiti mmoja, sitautaja, mfagiaji wake aliugua akaenda kwao wiki tatu. Wiki ya pili wazee wa kamati walikuwa wakiulizana ufagio huwekwa wapi. Wamo humo waliochangia feni, wamo waliochangia marumaru, na majina yao yamechongwa ukutani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Watu nao ni hivyo hivyo, na marumaru si daftari.

Na katika mtaa ninaokaa mimi, wanawake wanaojua kuosha maiti kwa ukamilifu, na tayamamu yake pale maji yanapozuilika, na kukata sanda vipande vitano bila ya kuuliza, wamebaki wanne. Mdogo wao amepita miaka 60. Mwaka jana, wawili kati yao wakiwa safarini na wa tatu akiwa mgonjwa, alifariki mama mmoja usiku, na mwoshaji mmoja aliyebaki alifanya kazi ile na mabinti wawili wa marehemu, ambao hawakuwahi kushika maiti, wakilia na kumwaga maji. Mama yule alizikwa kwa wakati, Mungu amrehemu. Lakini siku ile nusura fardhi ambayo ni ya mtaa mzima iangukie mabegani mwa bibi mmoja mwenye magoti mabovu, nasi wanaume tuko nje tumekaa kwenye viti vya kukodi tukizungumza siasa.

Ninachokitaka ni kidogo. Sitaki tukae kwa duara, duara tunalo la kahawa. Nataka kila mtaa uwe na daftari lake, lishikwe na mtu wa mtaa, ndani yake yaandikwe majina ya wenye kuosha, wenye kukata sanda, wenye kuchimba, wenye kupika, wenye gari la usiku, na mbele ya kila jina liandikwe jina la anayefunzwa. Nataka mwenye pesa aandikwe kwa kazi kama mwingine. Akileta hundi, ipokewe kwa shukrani, kisha aulizwe zamu yake ni lini. Na imamu asiachiwe mambo haya yote, kwani yeye ana ya kwake.

Kwa upande wetu limeanza. Yule bibi mwenye magoti mabovu amekubali kufundisha kila Alhamisi baada ya alasiri, uani kwa bintiye. Hadi ninapoyaandika haya waliotoa majina ni wasichana sita na mama mmoja wa makamo anayesema anaogopa lakini atakuja. Kitambaa cha kujifunzia kukata kimepatikana kwa mwenye duka asiyetaka kutajwa, na yeye naye ameambiwa zamu yake ni ya kuchota maji. Pamba ipo. Karafuu maiti bado tunaitafuta, na mwenye nayo anaweza kuifikisha Jumatano kabla ya magharibi.